Baba, Yule Mbuzi Hatukumla

Mpendwa Baba, wewe uliyeniita mama,

Nakuandikia kuhusu Muthoni. Habari yenyewe ni fupi: Muriuki alikuja tena Giakanja kumchukua mkewe, akaja na mbuzi kama alivyofanya ulipokuwa hai. Safari hii aliondoka bila Muthoni. Sasa nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu hukuwepo, na kwa sababu mambo yaliyosemwa siku ile yalianza mezani pako.

Kila Jumapili baada ya chakula ulitupanga ukutani. Wewe ulikaa karibu na dirisha, mama akasimama kando yako, kisha mimi, kisha Muthoni. Ulitufundisha kwamba Kristo ni kichwa cha mume, mume ni kichwa cha mke, na watoto wako chini ya wote wawili. Ulifundisha vizuri. Hukupayuka kama wahubiri wa sokoni. Ulituuliza maswali, ukangoja majibu, na aliyejibu sawa ulimkatia kipande cha muwa. Mpaka leo waraka kwa Waefeso naujua kuliko mambo mengi niliyosomea chuoni.

Nakumbuka pia ile Jumapili walipokuja wazee wa kanisa na chai ikawa imepoa. Uliinywa ukitabasamu. Uliwasindikiza wageni hadi langoni, ukawashika mikono wote, ukarudi. Ulivua saa kwanza, ukaiweka juu ya redio ili isivunjike. Halafu ukachukua kamba ya ng'ombe. Mama hakupiga kelele kwa sababu wageni hawakuwa wamefika mbali. Jino lake lilianguka kwenye sinia, kati ya vikombe. Aliliokota, akalisuuza, akalitia mfukoni mwa aproni, akaanza kuosha vyombo. Wewe ulivaa saa yako, ukatuambia tusali.

Mimi hukunipiga hata siku moja. Nina jina la mama yako, Nyaguthii, kama binti wa kwanza anavyopaswa kuwa nalo kwetu, kwa hiyo uliniita maitu, yaani mama yangu, na ulimaanisha. Nilipovunja thamosi mpya ulikuwa tayari umeshika kamba. Niliposema ni mimi, ukaiweka chini ukacheka. "Ati nimpige mama yangu? Nitaenda motoni." Kisha ukamgeukia Muthoni, ukamchapa kwa kutonizuia. Yeye alipewa jina la mama mzaa mama, yule mkwe ambaye hamkupatana. Usiku huo, akiwa amelala kifudifudi kwa sababu mgongo ulikataa, Muthoni aliniambia, "Wewe uko na bima." Tulicheka tukauma blanketi ili usitusikie.

Muthoni aliolewa Kutus na Muriuki, mwenye duka la mbolea, mzee wa kanisa akiwa bado kijana. Ulimpenda mara moja. Alipokuja kwetu alijua mistari yote kabla hujaianza.

Mara ya kwanza Muthoni alirudi akiwa na mbavu mbili zilizovunjika. Muriuki alifuata na mbuzi na wazee wake. Kila mtu kwetu anajua maana yake: watu wa kwa kina mke wakimchinja huyo mbuzi na kumla, neno limekwisha na mke anarudi. Ulimsikiliza Muriuki. Muthoni hukumuuliza kitu. Ulisema, "Mwili haukimbii kichwa," na wazee wakaitikia. Mama alichoma nyama. Mbavu za mbuzi zilipita mezani kwa sinia huku Muthoni akiwa jikoni, anapumua kwa vipandevipande, amejishika ubavu kwa kanga. Jioni hiyohiyo alipandishwa gari la mumewe. Ulimwombea safari njema.

Kazi yangu unaijua. Nimekaa katika mahakama za Nyeri na Nanyuki nikiandikia gazeti kesi za wanaume waliovunja wake zao, na za wachache waliowaua. Nimewasikia wakijieleza kizimbani. Wachache husema walikasirika. Wengi husema walikuwa wanarekebisha. Nilipolisikia neno hilo mara ya kwanza kutoka kwa mtu asiyekujua, kalamu yangu ilisimama, kisha ikaendelea.

Baada ya wewe kufa, Muthoni alikuja tena. Mama alikuwa akikata nyasi za ng'ombe alipomwona akiingia langoni, mkono wa kulia umefungwa kwa leso shingoni, vidole vimevimba na kuwa vyeusi. Alituambia bila kulia. Alikuwa amefunga duka aende kwa mkutano wa akina mama kanisani, bila kumwomba mumewe ruhusa. Muriuki ndiye anayefundisha wachumba wa kanisa lao kabla ya harusi. Alimwambia Muthoni akariri somo la wake na waume, lile la Jumapili zako. Aliuweka mkono wa mkewe kwenye fremu ya mlango wa chuma wa stoo. Kila Muthoni aliposahau neno, Muriuki alifunga mlango.

Mfupa ulikuwa umevunjika mahali pawili juu ya kiwiko, na kifundo kimesagika. Daktari alifunga plasta kuanzia begani hadi kwenye vidole. Nilitaka twende polisi siku hiyo. Muthoni alikataa. "Tungoje wazee," alisema. "Nataka wasikie kwanza." Nilidhani ni woga. Sasa nadhani alitaka kujua kama nyumba hii ni yake au ni mahali pa kupitia tu.

Jumamosi iliyofuata, saa za mchana, Muriuki alifika na mbuzi kwenye pikapu na mzee mmoja wa kanisa lake. Ndugu yako Gathogo, Baba Mdogo wetu, ndiye aliyekaa kwenye kiti chako, fimbo ya kutembelea katikati ya magoti. Muthoni alikaa karibu na mlango. Mama alileta chai, na ilikuwa moto.

"Niko na makosa, siwezi kataa," Muriuki alianza, macho chini. "Lakini hata yeye ako na mdomo. Mimi ni mtu wa neno. Nilikuwa namrekebisha tu."

"Ulimrekebisha mkono?" nilimuuliza.

"Wacha tuongee kama wazee," Baba Mdogo aliniambia. "Maitu, tafadhali." Yeye pia huniita hivyo, kwa sababu mwenye jina langu ni mama yake kama alivyokuwa wako.

Yule mzee wa kanisa alimwomba Muriuki aseme anachojua juu ya wajibu wa mume. Akasema yote, Baba, hadi mwisho, kwamba mume ampende mkewe kama mwili wake mwenyewe na kama Kristo alivyolipenda kanisa. Hakukosea hata silabi. Nilimtazama Muthoni. Alikuwa akitazama midomo ya mumewe.

"Sasa mnaona," mzee alisema. "Mtu anajua neno hivi, atakuwa mbaya namna gani? Ni shetani tu alipitia hapo."

"Alipitia na mlango wa chuma?" Muthoni alisema. Ndiyo iliyokuwa mara yake ya kwanza kuongea siku hiyo.

"Huo ndio mdomo," Muriuki alisema kwa upole, akimwonyesha kwa kidole. "Mmesikia?"

Baba Mdogo alikohoa. Nilimwona anachungulia dirishani, kwenye pikapu. "Mbuzi ni mnono," alisema. "Kijana ametuheshimu, hajakuja mikono mitupu. Mama Nyaguthii, wewe unasema aje?" Alimuuliza mama kama vile wewe ulivyozoea kumuuliza, ukiwa umeshaamua.

Mama aliweka birika chini. "Gathogo, huyu ni nani kwako?" alisema, akinionyesha mimi.

"Huyu? Si ni maitu."

"Ungemrudisha Kutus afungiwe mlango mkononi?"

Baba Mdogo alicheka kidogo. "Nani anaweza fanya hivyo na mama yake?"

"Na Muthoni ni nani kwangu?"

Kila mtu pale alijua jibu.

"Ni mama yangu," mama alisema. "Ana jina lake, nimemwita hivyo tangu nimzae. Sasa nyinyi mnanisomea wake watii waume. Nimetii. Meno yangu yaliyobaki mnayaona. Lakini iko amri nyingine, inasema niheshimu mama yangu. Haikusema nimheshimu mpaka mkwe alete mbuzi."

Yule mzee wa kanisa alitabasamu, akaweka mkono juu ya Biblia yake. Hapo ndipo alipokosea, Baba. Kama angenyamaza, nadhani Baba Mdogo angeagiza kisu. "Mama, tusichanganye mambo ya Mungu na ya mila," alisema. "Hilo ni jina tu."

"Jina tu?" Baba Mdogo alisema.

"Namaanisha, mzee, kimaandiko..."

"Ati jina tu." Alikuwa ameshainuka, ameegemea fimbo. "Mama yangu amekaa hapa ndani, umemkuta hapa, umekunywa chai pamoja naye, halafu unaniambia ni jina tu? Huyo mbuzi aende na wewe. Hapa hachinjwi."

Ningependa kukuandikia kwamba neno la mama ndilo lililomshinda. Sivyo. Ni kiburi cha mdogo wako kilichoguswa, na mlango ukafunguka kwa sababu hiyo. Nimeona kesi zikiamuliwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Muriuki aliinuka taratibu, akavua saa yake, akaitia mfukoni. Mama aliona. Mimi niliona. Ndipo alipomrukia Muthoni, akamshika mkono wa plasta, akamburuta kuelekea mlangoni. Plasta ilipasuka. Sauti aliyotoa Muthoni sijawahi kuisikia kwa mtu, na nimesikia mengi. Nilimshika Muriuki shati kwa nyuma, akanipiga kiwiko cha pua. Nikaanguka juu ya meza ndogo na vikombe. Mama alichukua birika kwa mikono miwili akammwagia chai yote shingoni. Alipogeuka akipiga kelele, Baba Mdogo alimpiga fimbo mdomoni. Akarudia. Mara ya pili meno yalitoka, na damu ikarukia Biblia ya yule mzee, aliyekuwa amepanda juu ya kochi na viatu vyake.

Siyaandiki haya kwa kushangilia. Pigo ni pigo, na Baba Mdogo alipoona damu alikaa chini akaanza kutapika. Majirani waliosikia kelele walimfunga Muriuki kwa kamba karibu na zizi hadi polisi walipokuja. Yule mzee wa kanisa aliondoka na pikapu. Mbuzi alikuwa ameshushwa wakati wa vurugu, na akakataa kupanda tena. Mzee alimvuta kwa pembe, mbuzi akajilaza barabarani. Watoto wa jirani walimcheka mzee, wakimwita guka, yaani babu. "Guka, hata mbuzi amekataa kurudi Kutus!"

Muriuki yuko nje kwa dhamana. Kesi inasikilizwa, sitaiandika mimi, mwenzangu ataiandika. Kanisa lao limemsimamisha kufundisha wachumba. Wengine huko wanasema Muthoni amevunja nyumba, na mmoja alimpigia simu kumwambia mke mwema huvumilia. Kifundo cha mkono hakitapona vizuri. Anajifunza kukamua ng'ombe kwa mkono wa kushoto. Ng'ombe anamkasirikia, naye anamtukana.

Nakukumbuka ukingoja barabarani wakati wa mvua nirudi shule, umejifunika gunia kichwani, na gunia lingine kavu kwapani kwa ajili yangu. Lilikuwa moja. Muthoni alitembea nyuma yetu akilowa. Kwa miaka mingi nilikumbuka gunia tu. Sasa nakumbuka yote mawili, na sifuti moja ili lile lingine lisomeke vizuri. Ulinipenda. Ulimvunja mama. Ulifundisha kichwa na mwili bila kuuliza kichwa kinafanya nini mwili unapolia, na ukamlea mkwe aliyejifunza kwako hata namna ya kuvua saa. Mimi nilisikiliza nikala muwa.

Mama anakusalimu. Ameniambia nikuandikie jambo moja, na nisilipambe. Ile nafasi uliyoiacha kando ya kaburi lako, uliyoipimisha mwenyewe ili azikwe mkono wako wa kushoto, ameitoa. Ndiyo sehemu pekee ya shamba iliyo tambarare na karibu na maji. Fundi alipofika alisitasita na kamba yake ya vipimo.

"Mama, hapa si ndipo mzee alisema utalala?"

"Ndiyo."

"Sasa nyumba, karibu na kaburi? Watu wataongea. Na wewe tutakuweka wapi?"

"Mtanitafutia mahali," mama alisema. "Aliyekufa hanyeshewi. Muthoni ndiye hana paa. Chimba."

Kuta za mbao zimeshasimama, na mabati yalipigiliwa jana. Mlango unatazama barabara, na kufuli lake hufungwa kutoka ndani.

Lala ulipo, Baba.

Binti yako wa kwanza