Bidoni Inayoinama

Jumatatu, 4 Mei

Nimefunga tena mkono wangu wa kulia kwa kitenge cha marehemu Neema, mke wangu. Nikamimina maji ya bidoni, dumu la lita ishirini, kwa kushoto tu. Yote miguuni. Vizuri! Sasa najua: shida si kuinua, ni kuzuia. Bidoni ikishaanza kuinama, haikusikilizi.

Hivyo ndivyo anavyoishi mama yake Neema tangu kiharusi kimchukue mkono. Shemeji yangu, ndugu yake Neema, anakuja Jumapili kumpeleka Butembo. Anasema asiyeweza kujimiminia maji hawezi kukaa peke yake. Mama hataki kuacha nyumba alimokulia Neema. Mimi pia sitaki aende. Basi.

Jumanne, 5 Mei

Mbao, katoni, kamba. Mfano wa kitanda kidogo chenye miguu minne; bidoni inalala juu yake na kubembea. Papa Kambale, fundi wa kuchomelea, alitaka kukata chuma leo leo. Nimekataa. Chuma kikikatwa kimekatwa. Kwanza tuigize siku yake nzima: kunawa, kuosha sahani, kutia maji kwenye sufuria. Nikajikokota karakana yetu, atelye nzima, mkono umefungwa.

"Unabakia kuvaa kikwembe kiunoni tu, mama mukwe!" Papa Kambale alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini hakuna tone lililomwagika. Hakuna! Nimeshindwa kula kwa furaha.

Alhamisi, 7 Mei

Aibu. Nimeupeleka mfano kwake mama, mtaa wa Mapendo. Umecheza kama mlevi, bidoni ikaanguka, maji yakazima moto wake. Atelye ina simenti. Jikoni kwake ni mawe ya volkano. Niliigiza mkono wake, nikasahau chini ya miguu yake.

"Mukwe wangu, usihuzunike," akasema. "Hata moto ulikuwa na kiu."

Nilikaa mezani. Meza ile nayo ilikuwa ikiyumba. Kila tulipokuja, Neema alisukuma kandambili kuukuu chini ya mguu wa meza na kuiambia, "Tulia, weye."

Mama akawasha moto upya, akarudisha sufuria ya maharagwe. Mawe yaleyale ya volkano, na sufuria imetulia tuli. Mafiga matatu. Matatu!

Nimeondoka bila kuaga vizuri.

Ijumaa, 8 Mei

Tumeng'oa miguu yote ya mfano, tukaweka mitatu, tukaitanua. Tumemwaga mawe kwenye sakafu ya atelye. Nimefunga mkono. Nikamimina, nikasukuma, nikajikwaa makusudi. Hauyumbi! Papa Kambale naye amejaribu, mkono mgongoni, bila kucheka safari hii.

Nikamwambia akate chuma.

Jumapili, 10 Mei

Shemeji amefika na begi tupu la kutilia nguo za mama. Mama alikiendea kitanda kipya cha chuma, chenye miguu mitatu. Akaivuta bidoni kwa mkono wa kushoto, maji yakatoka polepole, akamwita mwanawe anawe. Shemeji alinawa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha akaomba fufu, ugali wa muhogo.

Kesho anarudi Butembo peke yake.

Kandambili ya Neema bado iko chini ya meza. Tumekula. Meza imetulia.