Matanga ya Muntu Muzima

Juma tatu, tarehe 4 mwezi wa nane
Nilimukosea yaya Salima, dada yangu mukubwa. Niandike hii mbele, kabla ya habari ya matofali. Nyumba yenye ninalala ndani njo yake.

Sasa matofali. Papa Kitenge, fundi, ameanza kubomoa ukuta yenye tulijenga wakati ya vita, risasi zisiingie. Nyuma yake iko ile ukuta ingine, ya simenti yenye matundu matundu, upepo uingie. Wazungu wa reli njo walijenga nyumba hii, miaka ya hamsini. Ndefu, ya chini, paa inainamia upande moja tu, nguzo nyembamba za chuma mbele ya barza kama miguu ya korongo. Marehemu baba alifanya kazi ya reli, wazungu walipoenda nyumba ikabaki kwake. Ile ukuta ya matundu alikuwa anaiita klostra, sawa na wao.

Papa Kitenge akagonga mara tatu. Tofali moja ikaanguka. Mwanga ukaingia, moja tu, ukakaa chini kama sahani. Nikasimama kuuangalia. Sikufanya kazi ingine asubuhi.

Juma tano, 6
Vumbi nyeupe kwa chai, kwa kope, kwa mukate. Ukuta imefunguka nusu. Saa nne jua inapita kwa matundu, mianga inatembea saloni pole pole, inapanda miguu ya meza, inashuka. Mwamini, muke wangu, anasema nimekuwa kama muntu ya homa.

Nililala kidogo muchana. Nikaota muto Lualaba imeingia saloni bila sauti, viti vinaelea. Salima anapita katikati, nguo yake kavu. Hasemi kitu.

Juma mosi, 9
Leo yote.

Salima ni mukubwa wangu. Baba moja, mama mbalimbali. Baba alipougua, njo yeye alimulisha, njo yeye alimuosha. Mimi nilikuwa mbali, Kailo, nauza mafuta ya mawese. Baba akamuachia nyumba, akasema mbele ya watu. Haikuniuma. Hapana, iliniuma.

Vita ikafika, nimesharudi hapa. Salima akakimbia kwa miguu, njia ya Lubutu, mutoto mugongoni. Akaweka ufunguo kwa mukono yangu. "Chunga nyumba, mudogo wangu." Basi.

Mwaka ukapita. Nyumba ya mukimbizi, wenye bunduki walikuwa wanaingia tu. Nyumba ya marehemu yenye iko na murithi, waliogopa kidogo. Hii njo ninajiambia kila siku: niliogopa. Lakini muchuuzi mumoja ya samaki alikuja kutoka Lubutu. Akaniambia: dada yako iko muzima, anauza chumvi sokoni, anakusalimia. Aliniambia peke yangu. Siku tatu baadaye nikatandika mukeka kwa barza, nikasema Salima alikufa njiani.

Kwetu hapa, ule anakaa kwa kichwa ya mukeka ya matanga njo anashika nafasi ya marehemu. Nilikaa kwa kichwa. Siku tatu. Watu walilia, walikula. Siku ya makumi ine, arobaini ya matanga, chefu ya avenyu, mukubwa wa mutaa wetu, akaandika jina yangu kwa makaratasi ya nyumba. Hakuna muntu aliuliza kaburi. Miaka ile makaburi yalikuwa porini.

Juma tatu, 11
Niandike ginsi ilikuwa.

Saa tano binti murefu alisimama kwa barza. "Salam aleikum, mujomba."

Mwamini akamuuliza: "Wewe wa nani?"

"Mimi Asha. Wa Salima."

"Salima gani?"

"Salima wa nyumba hii. Iko Lubutu."

Njo ule mutoto ya mugongoni. Mwamini akaniangalia. Nikasema: kumbe! Walitudanganya wakati ule! Nikapiga mikono, nikamushukuru Mungu kwa sauti kubwa. Uongo juu ya uongo. Mwamini akamukumbatia Asha, akalia kwa furaha. Nami nikalia. Machozi yalitoka vizuri, hata mimi nilishangaa.

Asha anaolewa hapa Kindu, siku ya yenga, juma pili, tarehe 31. Anaomba kitu moja: kwetu mwari anatokea kwa mulango ya mama yake. Nikakubali mbio mbio. Mulango, barza, nyumba yote! Nikajisikia muntu muzuri. Saa moja nzima.

Juma tano, 13
Salima alipiga simu. Sauti imezeeka lakini njo ile.

"Mudogo wangu, nasikia nilikufa."

Nikatoka na simu kwa barza, Mwamini asisikie.

Akacheka. "Mboga ya sombe ya matanga yangu ilikuwa na chumvi? Ama walikula hivi hivi tu, kwa sababu mufu haonji?"

Nikasema yaya, ilikuwa vita, habari zilichanganyika. Akaniacha niseme mupaka nikachoka.

"Ule muchuuzi ya samaki. Alifikisha salamu zangu?"

Kuku ya jirani ilikuwa inalia. Niliisikiliza kuku.

"Sawa. Nimesikia," akasema. "Basi sikia na wewe. Mufu hatoi bibi arusi. Mulango yenye walinililia, sipiti. Ule alitandika mukeka aikunje yeye mwenyewe, muchana, mbele ya wale walikula. Kama hapana, mutoto yangu ataolewa Lubutu, na wewe kwangu utakuwa kama mimi kwako: marehemu."

Akakata.

Ijumaa, 15
Nilimuambia Mwamini. Tulikuwa tunachambua muchele. Hakupiga kelele.

"Nilinyoa nywele zangu," akasema. "Kwa muntu ya kuuza chumvi sokoni."

Akaweka ungo chini, akafunga kitambaa kwa kichwa, akashuka kivukoni. Ndugu yake anakaa ngambo ya pili. Nilimuangalia ndani ya pirogi, mutumbwi ya kuvuka, mupaka akawa mudogo kama punje.

Papa Kitenge alisikia yote kutoka juu ya ngazi. Wakati ya matanga alichota maji siku zote tatu. Akashuka, akafuta mikono.

"Papa, nilimuombea Mungu amupumzishe. Sasa ile dua ilienda wapi?"

Akapanda tena, akaendelea na mabati.

Juma nne, 19
Nilienda kwa chefu wa sasa wa avenyu, nimuulize tu. Akasema makaratasi iko jina yako, wakubwa walioandika wamekufa, wacha mambo ilale. Utajivua nguo sokoni juu ya nini?

Nilirudi nimefurahi. Aibu yangu kubwa njo hii, kupita hata mukeka: leo, na miaka yangu yote hii, nilirudi nimefurahi.

Saloni sasa imefunguka yote. Chini tumesugua na muchanga na maji, vijiwe vyeusi na vyeupe vimetokea ndani ya simenti, vinangaa. Nilikuwa nimesahau vina rangi. Nilikaa chini muchana wote. Mianga ikanipanda magoti, kifua, ikapita ukutani. Haikusimama kwangu. Nyumba nzuri. Nilikuwa kama mugeni anangoja mwenye nyumba atoke chumbani.

Alhamisi, 21
Mwamini amerudi. Hakuna salamu. Alichukua ndoo, akaanza kuosha vitre mupya, vioo vya dirisha. Nikachukua kitambaa, nikasimama upande ya ndani. Tuliosha vitre moja, yeye kule, mimi huku. Hakuniangalia. Lakini hakuhama dirisha.

Kisha akasema, kama anaongea na maji: "Nyumba ya muntu, tuirudishe safi."

Siku ya yenga, 24
Kimya. Moshi ya shamba ngambo. Muntu mumoja anasikiliza redio mbali, sauti inakuja na kuenda na upepo.

Jana na leo nilipita mulango kwa mulango, kwa wale waliokaa matanga na wako bado hai. Niliwaambia tu: Ijumaa, kwa barza, baada ya sala ya saa saba. Mama mumoja akauliza, nani amekufa? Nikasema hakuna. Akaniangalia sana.

Asha nimemupigia, nimemuambia ni Ijumaa. Mama yake atafika Alhamisi, atalala kwa wakwe. Hatapita kwetu kabla.

Basi niandike, nisijidanganye tena. Ijumaa tarehe 29, jua ikiwa juu, nitakaa kwa miguu ya mukeka, si kwa kichwa. Nitasema: Salima hakufa, na nilijua. Nitaikunja kwa mikono yangu. Makaratasi na ufunguo nitamupa yaya mukononi, na siku ile ile tutaenda na yeye kwa chefu, jina yangu ifutwe. Juma mosi mimi na Mwamini tunavuka maji na vitu vyetu.

Mwamini amelala kwa kiti, mudomo wazi kidogo. Nywele zake nyeupe sasa. Sitamuamusha.