Swali Nililowapa Wanafunzi

Itetemia, Tabora
4 Machi 1952

Dada yangu Eustadia,

Shikamoo. Mimi sijambo, na karanga zangu zimeota vizuri. Miguu ya mama inaendeleaje huko Nzega?

Darasani kwangu wasichana wa koo za watemi walikuwa wakikaa peke yao. Nikawapanga wote wawili wawili, kila mmoja amuulize mwenzake bibi yake alitoka wapi, kisha aje atueleze. Nilidhani watazoeana, na kweli siku ya kwanza walicheka pamoja.

Siku ya pili Marcelina, mjukuu wa mtemi, alisimama kutueleza habari za mwenzake, Josepha. "Bibi yake aliletwa na msafara kutoka Manyema, amefungwa kamba shingoni. Babu yangu ndiye aliyemnunua."

Hakusema kwa ubaya. Lakini nyuma mtu akanong'ona, "Kumbe mtumwa," na darasa likacheka. Josepha akainama. Nami nikasema tu, "Haya, wanaofuata."

Wewe unajua bibi yetu alifikaje Tabora, na jinsi mama alivyotukataza kulitaja jambo hilo.

Josepha hakurudi tena shuleni. Jumamosi nilimfuata kwao Ntalikwa, nikamkuta akipalilia mihogo. Nikamweleza habari za bibi yetu, zote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwalimu, mbona hukusema siku ile?"

Akaniaga kwa adabu, akaendelea kupalilia.

Kesho nitaliambia darasa zima, ingawa yeye hatakuwapo. Mama akiyasikia kwa watu, niombee msamaha.

Mdogo wako,
Koleta