Sentimita ishirini za bibi mdogo

Jumanne, jioni

Shemeji, mume wa dada yangu, amezima tena jenereta yake bila kuniambia. Leo nilikuwa ninahifadhi kwenye kompyuta plani ya nyumba ya Mzee Sefu na wake zake wawili. Mzee alikuwa amekaa pembeni yangu tangu asubuhi, na pikipiki ya kupeleka karatasi kwa fundi wake kule Kabambare ikinguruma mlangoni.

Umeme uliporudi, faili ilikataa kufunguka. Bahati nzuri, programu ya kuchora huacha kando nakala ya akiba, jina lile lile, ila mwisho wake ni bak. Nikainakili, nikabadilisha mwisho kuwa dwg, kama faili zote za michoro, nikafungua. Nyumba ikatokea nzima. Nikapumua.

Mzee akainamia kioo. "Mama Asha, vyumba vya bibi zangu iko sawasawa?"

"Iko sawa, Mzee. Si tumevilinganisha asubuhi?"

Nikapima ili tu atulie. Cha bibi mkubwa, mita nne. Cha bibi mdogo, mita tatu na themanini. Nakala ilikuwa ya kabla ya marekebisho, na mimi nilikuwa nimekwisha kuwasha printa! Fundi hujenga kilichoandikwa.

"Hiyo sentimita ishirini," Mzee akasema, "ndiyo ningelala nayo inje mpaka kufa."

Nikausogeza tena ukuta wa stoo, nikapima mara mbili, nikachapa. Pikipiki ikaondoka.

Jioni nilimwambia shemeji apige hodi kabla ya kuzima.

"Kelele yote hiyo kwa sentimita ishirini?" Akacheka sana.

Yeye ana bibi mmoja tu.