Waache Wanyonye Kwanza

Bwenini
16 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na zahanati haikuchoshi kupita kiasi. Mimi ni mzima, nasoma, na chakula cha huku bado ni kile kile, kwa hiyo tusikizungumzie.

Baba mdogo aliponiletea sabuni aliniambia watoto wa nguruwe wangu Tingatinga wameharisha tena na hakubaki hata mmoja. Alisema huku anamenya ndizi, kama mtu anayetoa habari za mvua. Nilikwenda kulia chooni, maana bwenini huwezi kulia bila kuulizwa na watu wanane.

Huu ni uzao wa pili kwisha hivyo hivyo. Amesema pia kwamba umeshaongea na mchinjaji. Mama, tafadhali usimuuze kwanza. Yule nguruwe nimemlea kwa chupa tangu alipokuwa mdogo kuliko kiatu changu, na sidhani kama kosa ni lake.

Naomba uniandikie jinsi watoto walivyozaliwa, na ulifanya nini tangu wa kwanza alipotoka. Usiruke kitu. Nataka kumuuliza mwalimu wa baiolojia.

Ni mimi mwanao

*

Nyumbani
25 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unauma, asante kwa kuuliza. Baba mdogo wako anakusalimu na anasema hakuwa na ndizi.

Unataka nikueleze nilifanya nini? Nilifanya kila kitu. Mimi ni mkunga, watoto wa mtaa huu karibu wote wamepita mikononi mwangu, sasa binti yangu ananihoji kuhusu nguruwe. Haya, andika.

Banda nililisafisha kwa klorini mpaka macho yakaniwasha. Matiti ya huyo Tingatinga wako niliyasugua kwa sabuni. Kila mtoto alipotoka nilimpokea, nikamwosha kwa maji ya uvuguvugu yenye dawa ya kuua vijidudu, nikamfuta, nikamweka kwenye boksi lenye blanketi karibu na jiko. Siwezi kuwaacha chini ya mama yao. Unakumbuka uzao wa kwanza kabisa alivyowalalia. Basi walikaa kwenye boksi, joto, wasafi, mpaka wa mwisho alipozaliwa. Alianza asubuhi, akamaliza jua linaelekea kuzama. Kisha nikampa kila mmoja matone ya antibiotiki ya kinga, ndipo nikawapeleka kunyonya.

Siku ya pili wakaanza kuharisha, kinyesi cheupe kama uji wa mgonjwa. Nikaongeza dawa. Wakaharisha zaidi. Nikaosha banda upya. Wakafa.

Kinachoniua mimi ni fundi baiskeli, jirani yetu. Banda lake ukipita unaziba pua. Nguruwe wake akizaa, yeye yuko kijiweni anacheza bao. Watoto wake wananenepa mpaka wanagongana mlangoni. Juzi akanisimamisha njiani: "Mkunga, ukitaka ushauri nipo." Fundi baiskeli. Anishauri mimi.

Tingatinga ameshapandishwa tena. Uzao huu ukiharibika, mchinjaji anakuja na sitaki kilio. Nimechoka kuzika.

Mama yako

*

Bwenini
3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umelala vizuri tangu uliponiandikia. Mimi sijambo.

Nimemsomea mwalimu wa baiolojia barua yako, isipokuwa pale pa fundi baiskeli. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mama yako ana bidii kubwa mno." Kisha akanieleza, na mimi nakueleza nilivyoelewa. Naomba usikasirike kabla hujafika chini.

Mtoto akizaliwa, utumbo wake ni kama bweni siku ya kufungua shule. Vitanda vyote viko wazi. Wako bakteria wazuri, wanaosaidia kusaga maziwa, na wako wakorofi. Anayewahi ndiye anayepata kitanda. Wazuri wanatoka kwa mama mwenyewe, kwenye ngozi yake, matiti yake na maziwa yake. Watoto wako walikuta matiti yamesuguliwa, wakaoshwa, wakakaa ndani ya boksi, kwa hiyo wazuri hawakuwahi. Kisha ikaja antibiotiki, ikawafukuza hata wale wachache waliokwisha kuingia. Wakorofi wasioogopa dawa wakakuta bweni tupu.

Na kuna dang'a, yale maziwa ya kwanza. Ndani yake mna kinga ya mama, na utumbo unaipitisha kwa saa chache tu baada ya kuzaliwa. Waliotoka asubuhi wakanyonya jioni walikuta mlango umefungwa.

Fundi baiskeli hajui chochote kati ya haya, Mama. Watoto wake wanapona kwa sababu wakizaliwa yeye hayupo. Sisemi banda liwe chafu kama lake, mwalimu amekataa hilo kabisa. Fagia, weka nyasi kavu, osha sakafu mapema ikauke. Ila watoto waache wanyonye kwanza, na antibiotiki ikae kabatini mpaka daktari wa mifugo aseme kuna ugonjwa.

Kwani kule kazini si wewe unayewafokea akina mama wasiomweka mtoto kifuani mara tu anapozaliwa? Nimewahi kukusikia nikiwa nje ya dirisha.

Ni mimi mwanao akupendaye

*

Bwenini
21 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote. Mimi sijambo.

Hujajibu barua yangu ya Machi. Kwanza nilidhani imepotea, lakini baba mdogo amesema uliisoma ukiwa umesimama, ukaikunja, ukaenda kufua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Kama nimekukosea kwa kutaja kazi yako, naomba radhi kwa namna nilivyosema. Nilichosema siwezi kukiondoa, kwa sababu ni kweli. Nimejaribu kufikiri ni uongo ili nipate amani, nimeshindwa.

Tafadhali niandikie hata mstari mmoja.

Ni mimi mwanao

*

Nyumbani
2 Mei

Profesa,

Marahaba. Sisi ni wazima. Mapazia yalikuwa machafu.

Nimekaa kimya kwa sababu kila nikishika kalamu naandika mambo ambayo mama hamwandikii mtoto. Nimelipa watu wakufundishe, sasa unanifundisha mimi kunyonyesha. Tena kwa mfano wa vitanda.

Haya, tuseme unasema kweli. Tingatinga anazaa, mtoto anateleza chini akiwa na utelezi na kitovu kinaning'inia, na mimi nifanye nini? Nitazame? Mikono yangu niiweke wapi? Na huyo mama yake akiamua kugeuka upande wa pili? Yeye akilala, analala kama ukuta umeanguka. Bakteria wako wazuri wamewahi kumwinua mtoto chini ya nguruwe? Muulize mwalimu wako hilo, maana naona yeye hajazika.

Daktari wa mifugo nilimpata sokoni. Nilimuuliza kwa mbali, kama habari ya mtu mwingine. Akacheka: "Huyo mtu mwambie asiwaogeshe." Nikamwambia nitamwambia.

Sijaahidi kitu. Mchinjaji alipita Jumamosi kumwangalia, akampigapiga mgongoni.

Mama yako

*

Bwenini
12 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa ulikuwa na hasira.

Nimemuuliza mwalimu kuhusu kulaliwa. Akasema una haki ya kuogopa. Anasema hatari hiyo haiondoki yote, na mimi siwezi kukuandikia kwamba itaondoka. Inapungua ukiweka boriti kuzunguka ukuta, juu kidogo ya sakafu, ili mama akijilaza watoto wapate pa kukimbilia. Na kona moja ya banda iwe na joto, wajiendee wenyewe wakishashiba. Nimekuchorea hapa chini. Baba mdogo anaweza kupigilia, ila msimamie asije akaziacha nusu.

Kuhusu mikono yako, ipe kazi hii: mtoto akizaliwa mfute pua apumue, kisha mwelekeze kwenye titi. Mnyonge msaidie kushika. Zaidi ya hapo, kaa.

Najua ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kukuomba. Najua pia kwamba wakifa safari hii utasema ni kwa sababu ulinisikiliza, na utakuwa na haki ya kusema. Nakuomba unisikilize hivyo hivyo.

Ni mimi mwanao

*

Nyumbani
30 Juni

Mwanangu,

Marahaba ya zile shikamoo zako zote. Sisi ni wazima. Najua umekaa roho juu, lakini nilitaka niwe na la hakika kabla sijaandika.

Tingatinga alizaa mchana, siku niliyokuwa na mapumziko. Boriti zilikuwepo, baba mdogo wako aliziacha nusu, nikamalizia mwenyewe kadiri mbao zilivyotosha. Nilikaa kwenye kigoda, nimekalia mikono. Wa kwanza alitoka, nikamfuta pua, nikanyanyuka kwenda kuchukua beseni, nikakumbuka beseni nimeliacha ndani makusudi. Nikakaa. Kenyewe, kamelowa, kabaya, kakasimama, kakaanguka, kakasimama tena, kakauzunguka mguu wa mama yake kakalifikia titi kabla ndugu yake hajatoka. Hakuna aliyekaonyesha njia. Miaka yote hii nilikuwa nakazibia njia mimi.

Nisikufiche. Mmoja alilaliwa siku ya pili, pale ambapo boriti haikufika. Nilikasirika nawe mpaka nikaongea peke yangu bandani. Nilisema mengi, ni vizuri hukuwepo. Mwingine akaharisha, nikafungua kabati, nikaishika chupa ya dawa, nikairudisha. Nilimwita daktari wa mifugo. Akasema nimpe maji ya chumvi na sukari kwa kijiko na nimwache na titi lake. Amepona, na sasa ndiye mchokozi kuliko wote. Waliobaki hawajaharisha. Wanakula, wanalala, wanapiga kelele, wananichosha.

Mchinjaji alikuja leo na kamba. Nikamwambia hakuna nguruwe wa kuuzwa hapa. Akasema tulikubaliana. Nikamwambia tulikubaliana kuhusu nguruwe mwingine, ambaye watoto wake wanakufa.

Alipoondoka nikarudi kuwatazama. Walikuwa wamejipanga kwenye matiti, kila mmoja na lake, mikia inatikisika. Nikasikia harufu ya maharage yanaungua jikoni. Nikasema nitanyanyuka, na sikunyanyuka.

Sufuria nimeiloweka. Utaisugua wewe, Profesa, ukija likizo.

Mama yako