Jiwe Nililolinyanyua Vizuri Mno

Haya, Swahiba Macho, karibu. Nakuita hivyo kwa sababu jina lako silijui, najua tu una macho ya kunisoma.

Leo Jumapili. Manyunyu tangu alfajiri, Meru yote imejifunika, hata miguu ya mlima haionekani. Wadachi wamepumzika, nasi tumepumzishwa. Nimekaa mlangoni kwenye kibanda cha wafanyakazi huku Levolosi, mgongo nimeuegemeza kwenye gunia la chokaa, naandika kwenye daftari lililotupwa na karani. Kuandika nilijifunza mwenyewe, kwa kumtazama huyo karani akichora herufi kwenye makasha. Kwa hiyo nikikosea nisamehe.

Nimechoka, swahiba. Mwili umechoka, lakini huo nimeuzoea. Kilichochoka ni kitu kingine, sikijui jina.

Ngoja nianze mwanzo, usije ukaniona mjinga bure. Mjinga ni kweli, lakini si bure.

Tuko hapa tunawajengea Wadachi boma lao. Si kwamba tuliomba. Mkubwa wetu kule Usa aliambiwa lete vijana, akaleta vijana, na mimi nikiwa mmoja wao. Kazi yetu ni mawe. Tunayatoa mto Themi, tunayafikisha ukutani, tunarudi mtoni. Basi. Siku ya kwanza nilinyanyua jiwe kama ninavyonyanyua mkungu wa ndizi shambani kwa mama: miguu nimenyoosha, kiuno nimekunja, nikavuta. Kitu kikalia huko nyuma, tak! Siku tatu nikatembea kama bibi anayetafuta sindano chini.

Aliyenicheka kuliko wote ni Majaliwa. Huyu ni Mnyamwezi, mpagazi wa miaka mingi, amekwenda pwani na kurudi mpaka begani ameota sugu kubwa kama kiazi. Hapa ndiye anayesimamia wachukuzi.

"Watu wa migomba nyie!" akasema. "Bwana mdogo, mgongo unao mmoja, miguu unayo miwili. Kwa nini unautuma mmoja kazi ya wawili?"

Nikamwambia nifundishe basi. Akanifundisha.

Unalisogelea jiwe mpaka liguse mifupa ya miguu yako, siyo unasimama mbali kama unaliogopa. Nyayo huku na huku. Unachuchumaa, kifua mbele, mgongo umenyooka kama ubao. Mikono ni kamba tu, haivuti, inashika. Halafu pumzi, na pumzi ndiyo kazi yenyewe! Unaivuta mpaka chini tumboni, unaifunga humo, tumbo linakuwa gumu kama ngoma, ndipo unasimama kwa miguu. Jiwe likifika mapajani unachuchumaa nalo tena kidogo, unalipakata kama mtoto, unabadilisha mkono. Pumzi ya pili. Unalisukuma kwa kiuno, linapanda kifuani, linakaa begani. Na kushusha ni vilevile kwa kurudi nyuma, polepole, maana Majaliwa anasema wapagazi aliowaona wakiumia wengi waliumia wakishusha, siyo wakinyanyua.

Nikashikwa na wazimu.

Kila baada ya kazi, wenzangu wamelala chali, mimi niko mtoni na mawe yangu. Nilianza na dogo, mara tano, napumzika, mara tano tena. Likishakuwa jepesi nalitupa, natafuta kubwa zaidi. Mwanzo nilifanya kila siku nikawa nadhoofu badala ya kuongezeka, Majaliwa akanigombeza, akasema nyama ya mwili inakua ukiwa umekaa. Basi nikawa nafanya leo, naacha kesho. Loshoro, ule uji mzito wa mahindi na maziwa ya mgando, nikiipata nakula bakuli mbili, maharage nakula mpaka ya wenzangu. Mabega yakatoka! Mapaja yakajaa! Nilikuwa najitazama kwenye maji, nakiri, nageuka huku, nageuka huku.

"Ero," akaniambia Meliyo, na ero ni kijana, ndivyo Waarusha wanavyoitana, "ero, sasa una matiti kumshinda mke wangu."

Meliyo ndiye mwenzangu. Mwarusha, rika langu, mrefu, mcheshi, na huyo mke wake yuko karibu kujifungua. Nilimfundisha yote niliyofundishwa. Alishika haraka kuliko mimi, ila pumzi ndiyo iliyomsumbua, anaiachia mapema.

Sasa sikiliza nilivyoharibu.

Wiki iliyopita ilisemwa kwamba Jumamosi ombasha, yule askari mwenye tepe anayetusimamia, atatupima kwa jiwe. Kupima kwa nini, hakusema. Mimi nikafikiri, na nikifikiri jambo mara moja kwangu linakuwa kweli: lango la boma bado halijajengwa, lango linataka mawe makubwa juu, basi wanatafuta watu wenye nguvu wa kukaa na mafundi. Kazi ya kukaa mahali pamoja. Labda na ruhusa ya kwenda nyumbani mara kwa mara. Nilitaka hivyo sana, swahiba, kwa sababu ya mama.

Mama yuko peke yake Usa. Kaka yangu Ngira walimchukua na mzigo kwenda Irangi, mvua za mwaka jana. Wenzake walirudi. Mmoja akasema homa, mwingine akasema Ngira ameamua kubaki huko. Mama ameshika hilo la pili, hataki kusikia jingine. Na zamu ya maji ya mfereji ikifika, nyumba isiyo na mwanaume wanairuka, wanasema mama atapata kesho. Migomba haijui kesho.

Kwa hiyo nilikuwa na hakika. Na kwa sababu nilikuwa na hakika, nikamwambia Meliyo. "Nyanyua vizuri, ndugu yangu, tutakaa langoni, utamwona mtoto akizaliwa." Akaniamini.

Jana tukapangwa mstari. Jiwe lilikuwa katikati, limepakwa chokaa, mviringo, halina pa kushika. Wakaanza watu wazima wa Kiarusha, watu wenye vifua hasa. Wa kwanza akalifikisha gotini, akaliachia. Wa pili hata gotini halikufika. Wa tatu akashika kiuno akaguna kama mbuzi. Nikacheka! Nikamwambia Meliyo, tazama, hawajui hata kuchuchumaa.

Walikuwa wanajua kila kitu, swahiba. Mimi ndiye niliyekuwa sijui.

Zamu yangu ikafika. Nikalisogelea. Nyayo, kifua, pumzi. Likatoka ardhini kama limeniomba. Mapajani, pumzi, kiuno, kifuani, begani. Nikasimama nalo. Watu wakapiga kelele, mmoja akasema huyu amesimama kama nyati wa Momela. Nikalishusha polepole, bila kuliangusha. Halafu nikalinyanyua tena.

Hakuna aliyeniomba mara ya pili. Hakuna!

Meliyo naye akalinyanyua. Pumzi ilimtoka likiwa kifuani, nikampigia kelele, "Funga tumbo! Funga!" Akafunga. Likapanda.

Ombasha akatunyooshea fimbo. "Wewe. Na wewe. Simameni kule." Tukawa wanane kule. Nikawa nacheka peke yangu. Ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya mbuzi: Jumanne alfajiri, Irangi, chuma cha mashine. Vipande vizito, kila kimoja mzegazega, yaani kinafungwa katikati ya mti, mtu mmoja mbele na mmoja nyuma. Mimi mbele. Meliyo nyuma.

Irangi.

Meliyo akanigeukia. Alinitazama tu, halafu akaenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu.

Mimi nikamfuata Majaliwa mbio, nalia, sioni haya kukuandikia. Nikamkuta anafunga kamba, anatabasamu mpaka masikioni. Anataka kunikumbatia!

"Hongera, bwana mdogo! Nilisema huyu atafika."

"Ulijua ni safari?"

"Sasa ulidhani nini? Wachukuzi nasimamia mimi."

"Mbona hukuniambia?"

Akashangaa kweli. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, hakuwa na ubaya wowote usoni. "Nikuambie nini? Kwetu kijana ambaye hajaenda safari hapewi hata mke. Watu wanagombania mzigo mzito. Mimi nikiwa na umri wako nilimpiga mwenzangu ngumi kwa sababu ya pembe la tembo, nilibebe mimi! Nilidhani unajifundisha kwa ajili hiyo. Mtu anyanyue mawe kila jioni ili akakae nyumbani?"

"Ndiyo," nikasema. "Ili nikae nyumbani."

Akaacha kamba. Akakaa chini. Tukakaa hivyo, yeye hanielewi na mimi simwelewi, na huyu mtu ndiye aliyeniokoa mgongo.

Leo asubuhi akaja mwenyewe, kichwa kimelowa manyunyu. Akasema hakulala vizuri. Akasema kesho Jumatatu ombasha atawasimamisha wawili wawili na chuma chao, na ambaye hawezi kusimama atarudishwa kwenye chokaa, maana hawataki mtu wa kuwaangukia njiani.

"Hata kushindwa kuna ufundi," akasema, kwa sauti ya chini. "Toa pumzi yote kabla hujanyanyua. Yote. Tumbo likiwa tupu hakuna mtu anayesimama, hata mimi. Magoti yatatetemeka ya kweli, siyo ya kuigiza. Ombasha amewaona waigizaji wengi, lakini hilo halijui. Utakaa chini tu, hutaumia."

Nikamshika mkono. Nikaona mfereji, nikamwona mama.

Kisha nikauliza, "Na Meliyo?"

"Nyote wawili mkikaa chini, ni kiboko na safari palepale. Ombasha siyo mtoto. Mmoja anaweza."

"Mmoja akikaa, mwingine?"

"Mwingine anapewa mtu mwingine." Akanionyesha kwa kidole yule atakayewekwa mahali pangu. Namjua. Ana roho nzuri, lakini miguu yake ni fito, na hajui hata kuhesabu hatua. Chuma kile kikiyumba mbele, mzigo wote unamrudia wa nyuma. Njia nzima. Kwenye makorongo, kwenye tope, siku baada ya siku, begani kwa Meliyo.

Majaliwa akaondoka. Hakusema nichague nini.

Nimefikiri kumpa Meliyo siri hii, yeye ndiye akae chini, amwone mtoto wake. Kila nikifungua mdomo namwona mama amekaa ukingoni mwa mfereji, maji yanampita. Nafunga mdomo. Mara tatu nimefungua, mara tatu nimefunga. Mimi niliyemwambia anyanyue vizuri! Mimi niliyempigia kelele afunge tumbo, wakati jiwe lingemtoka lenyewe akabaki nyumbani!

Na ningependa anikasirikie. Anitukane, anipige, tungekuwa sawasawa. Hanikasirikii. Sasa hivi yuko hapo nje kwenye manyunyu, miguu mitupu, ameweka mti begani, amefunga jiwe upande wa nyuma, anachuchumaa na kusimama, anachuchumaa na kusimama. Anajifundisha kwa ajili ya kesho. Nikiinua macho kutoka kwenye daftari namwona.

Amegeuka. "Ero!" ananiita. "Acha kuchora huko, njoo unitazame. Pumzi bado inanitoka. Nikiweza kuishika, tutafika na tutarudi, mimi na wewe. Njoo basi!"

Nimemwambia nakuja.

Bado nimekaa. Kesho nitashika mti upande wangu, yeye atashika wake, na kabla ombasha hajasema nyanyua, nitakuwa na nafasi ya pumzi moja tu, ya kuijaza au kuiachia. Au niinuke sasa hivi nikamwambie mwenzangu aiachie yeye. Meliyo ananingoja, mvua inamchuruzika mgongoni, na mimi naandika ili nisiende.

Swahiba Macho, ungekuwa wewe hapa mlangoni, ungefanyaje?