Zabron kapanga majina peke yake

Mwanaidi, leo nimefedheheshwa ofisini mbele ya wakulima wote. Nimefedheheshwa!

Ni ile miche ya parachichi tunayowagawia wakulima. Jedwali nililiweka sawa mwenyewe: mkulima awe na shamba lenye maji, NA awe hakupata miche mwaka jana. Kila mstari kompyuta ikaandika KWELI au SI KWELI. Ilibaki kutoa mistari ya KWELI tu, safu ya jina na ya kijiji, basi.

Bosi Zabron akaingia kwenye jedwali hilo nikiwa nimetoka. Akapanga majina kwa alfabeti, eti yapendeze. Majina peke yake! Kompyuta ikamuuliza kama ihamishe na safu nyingine, akabonyeza hapana. Majina yakahama, KWELI zikabaki palepale, zikaangukia watu wengine. Akachapa, akabandika mlangoni.

Miche wamebeba watu waliopata mwaka jana. Faustina, yule mjane tunayeimba naye kwaya, hakupata hata mmoja.

Nikamwambia Zabron, "Bosi, umepanga majina peke yake." Akacheka! Akawageukia watu, akaninyooshea kidole: "Mtaalamu wa kompyuta hapa ni Mama Neema. Mwulizeni yeye."

Mwulizeni yeye, Mwanaidi!

Faustina wala hakupiga kelele. Kaniambia, "Ungenishtua mapema, dada. Mimi na wanangu tumeshachimba mashimo."

Jina lake lilikuwa na KWELI kabla Zabron hajayahamisha. Nilitaka kumwambia. Lakini Zabron alikuwa amesimama pale, na mkataba wangu mwezi ujao anasaini yeye. Nikasema, "Pole."